Mashahidi wa Fundi wa Buyenzi

Ukimpelekea fundi mwingine gari linalotikisika, atafungua kifuniko cha injini na kuinama. Fundi wa Buyenzi, mtaa mmoja wa Bujumbura, alifungua milango. Aliifungua yote minne, akarudi nyuma hatua chache, akaangaza kando ya barabara kama mtu anayetafuta wa kujaza safu ya swala, kisha akaita: "Mashahidi, njoeni."

Siku ya kwanza nilidhani anaita polisi. Nilikuwa nimetoka Kanyosha na gari la mjomba wangu, lililokuwa likitetemeka kila nilipokanyaga mafuta, na njia nzima nilikuwa nimejiuliza kama picha ya kwenye kibali changu cha udereva bado inafanana nami. Kwa hiyo niliposikia neno mashahidi nilianza kutoa hati mfukoni. Hakuna aliyezitazama. Alikuja mama mmoja mnene, Mkongomani wa Uvira, aliyekuwa akiuza mikate na chai mbele ya gereji, akajifuta mikono kwenye kitenge na kuketi kiti cha nyuma upande wa kulia. Akaja mzee mmoja mwembamba mwenye kanzu, mwalimu mstaafu wa madrasa ambaye wote walimwita Maalim, akaketi mbele. Fundi mwenyewe aliingia nyuma, katikati, akafumba macho.

"Panda Kiriri," akaniambia. "Na kila mutu aseme mwili yake. Kichwa yake aiache hapa gereji."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na sijaona fundi mwingine akiifanya hivyo. Tulipanda mlima, nikakanyaga, gari likatikisika, na Fundi akaanza kuuliza kama hakimu. Maalim alisema usukani umetulia, anauona, hauchezi. Mama wa mikate alisema kiti chake kiko sawa, ila tumboni kuna kitu kinamcheza kama mtu aliyekula maharage ya jana. Nilipoulizwa mimi, nilisema kwamba nahisi kitu mguuni, ingawa inawezekana ni kwa sababu nimekaa vibaya, au barabara yenyewe, au kwamba tangu asubuhi sikula, na pia kuna uwezekano wa...

"Lisansie," akanikatiza. Ndivyo alivyoniita tangu nilipomwambia kwamba nimemaliza chuo kikuu, na hajawahi kuniita vingine. "Mi nimekuuliza mguu. We umeniletea mukutano."

Tangu siku hiyo ushahidi wangu haukupokelewa tena Buyenzi. Niliruhusiwa kuendesha tu.

Kanuni zake hazikuwa siri. Alizitangaza kwa sauti hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Mtikisiko ukiwa mikononi, kwenye usukani, tazama magurudumu ya mbele. Ukiwa kwenye makalio, tazama nyuma. Ukiwa tumboni hata gari likiwa limesimama, moteri ina homa. Ukiongezeka kwa mwendo tu, bila kujali unakanyaga au hukanyagi, ni magurudumu hayajasawazishwa. Lakini ukija pale tu unapokanyaga mafuta, na ukaondoka pale unapoachilia, basi muulize kardani, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka jerboksi hadi gurudumuni. "Kelele ni maneno ya gari," alipenda kusema. "Kutetemeka ni tabia yake. Mutu anaweza kudanganya kwa maneno, kwa tabia apana."

Lazima niseme sasa hivi jambo ambalo Buyenzi nzima ililijua, na ambalo yeye peke yake aliamini halijulikani. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Sukari ilikuwa imeila hisia polepole kuanzia vidoleni. Zamani, walisema wazee, alipanda gari la mteja pekupeku, akaweka nyayo sakafuni, na kabla hamjafika sokoni alikuwa ameshataja ugonjwa. Hakuwa na mashahidi wakati huo, wala hakuwahitaji. Mashahidi walianza miguu ilipoanza kunyamaza. Yeye alisema ni mbinu mpya, ya kisasa, na kila mtu akakubali kuwa ni ya kisasa.

Alichoogopa kilikuwa kimoja. Alikuwa na binti, muuguzi katika zahanati moja upande wa Carama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye watu wazima walimwogopa. Huyo alikuwa amemwambia mbele ya Maalim kwamba siku miguu ikimdanganya kazini, gereji inafungwa na funguo anachukua yeye. Fundi alijibu kwamba miguu yake haijawahi kudanganya mtu. Kwa hiyo kila siku ambayo gereji ilifunguliwa ilikuwa siku aliyoponea, na sisi wote tuliokaa pale tulikuwa, bila kukubaliana, walinzi wa siri ambayo tayari ilikuwa mtaani.

Kwa mtu kama mimi huo ulikuwa mzigo. Nilipokuwa nikiongea naye nilikwepa neno mguu. Nikajikuta nakwepa pia neno soksi, neno ngazi, na siku moja nilipotaka kusema kwamba nimekuja kwa miguu nikasema kwamba nimekuja bila gari, kwa njia ya kawaida ya binadamu. "Umekuja kwa miguu," akasema. "Ndiyo, Mzee." "Basi sema. Chuo kikuu wamekufundisha kuogopa miguu?"

Mama wa mikate alikuwa mlinzi bora kuliko mimi. Fundi alitaka chai yenye sukari nyingi, akasimama juu ya kikombe kuhakikisha. Mama alikubali, akachota sukari mbele yake kwa mbwembwe, akageuka kuchukua birika, na alipogeuka tena kikombe kilikuwa kingine. Fundi alikunywa, akalamba midomo, akasema hakuna mwanamke kutoka Uvira hadi Bujumbura anayejua kutia sukari kama huyu. Siku binti yake alipopita, Fundi alimwaga chai hiyo hiyo chini ya gari asionekane, chai isiyo na sukari hata punje.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa mtu wa majivuno, na alikosea. Mara ya pili gari la mjomba lilipoanza kutetemeka, mashahidi walisema tumbo, na akaamua ni sapoti ya moteri, ule mpira unaoshikilia injini isicheze. Mimi, kwa sauti ndogo, nilisema kwamba kwa kuwa esansi, yaani petroli, imekuwa adimu mjini, nilinunua yangu kwenye chupa kutoka kwa kijana nisiyemjua, na huenda ina maji. Alicheka hadi Maalim akacheka. Sapoti ikabadilishwa, gari likaendelea kutetemeka. Nilipofika asubuhi iliyofuata nilimkuta ameshatoa esansi yote kwenye tangi, ameiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, na chini ya chupa maji yamejitenga, meupe, hayana aibu.

"Maji," nikasema.

"Tangu mwanzo nilijua," akajibu. "Sapoti nilibadilisha kwa heshima ya gari."

Na kwa heshima hiyo hakuwahi kuliongelea tena.

Alikuwa pia fundi anayeogopa mwendo. Akiwa nyuma ya usukani, jambo alilolifanya nadra, aliendesha kama aliyebeba sinia ya uji kichwani, na wenye pikipiki walimpita wakimsabahi. Wenye magari walioendelea kuendesha gari linaloumwa aliwakaripia kama wazazi wazembe: gari inalia na we unaongeza muziki, aliwaambia. Lakini yeye mwenyewe zahanati hakuikanyaga, na binti yake alipomletea dawa alizipanga vizuri kwenye kisanduku cha bujii, zile plagi za injini, ambamo zilikaa zikisubiri pamoja na bujii zilizokufa.

Uhaba wa esansi ulifanya majaribio yake yawe tukio. Hakuna aliyetaka kupanda Kiriri bure. Basi safari ya kupima mtikisiko ikawa pia safari ya kuchukua gunia la unga la Mama, kumpelekea Maalim dawa ya macho, na wakati mwingine kushuka hadi Ruziba kwenye barabara iliyonyooka, kupima magurudumu na kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Wateja walilalamika. Fundi aliwaambia kwamba gari tupu halitoi siri, na kwamba gunia la unga ni shahidi asiyesema uongo. Nilifikiri sana juu ya hilo na nikagundua, kwa masikitiko, kwamba alikuwa sahihi: kuna mitikisiko inayotokea tu gari likiwa na mzigo. Kama alijua hivyo au alitaka tu ndagala, sijaweza kuamua mpaka leo.

Kisha ikatokea habari ya mafuta mekundu.

Asubuhi hiyo kulikuwa na teksi ndani ya gereji, na Fundi alikuwa akizunguka huku na huku akitafuta vifaa. Mwenye teksi ndiye aliyeona kwanza: matone mekundu sakafuni, yakianzia mlangoni, yakilizunguka gari lake, yakirudi mlangoni. Mafuta ya jerboksi ni mekundu. Fundi aliyatazama, akapiga goti, akayagusa kwa kidole, akatangaza kwamba jerboksi inavuja. Alilala chini ya teksi na tochi. Alikaa huko muda mrefu, akituambia kila kitu alichokiona, na kila kitu kilikuwa kikavu. Matone yakazidi. Yalizidi pale alipolala.

Maalim ndiye aliyesema, taratibu, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi katika aya. "Fundi. Teksi imesimama mahali pamoja. Haya matone yametembea."

Skrubu ilikuwa imetoboa kandambili na kuingia kwenye unyayo wake, yote hadi kichwani, na alikuwa ametembea nayo tangu alipofungua gereji. Alipotolewa chini ya gari na kuonyeshwa, aliuangalia mguu wake kama unavyoangalia mguu wa mtu aliyelala kwenye basi. Mwenye teksi alicheka kwa sauti moja, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

Binti alifika kabla ya adhuhuri. Hakupaza sauti. Alisafisha jeraha, akalifunga, akanyoosha mkono apewe funguo. Fundi alisema jeraha lile lingeweza kumpata mtu yeyote. Binti alisema mtu yeyote angepiga kelele. Hapo Maalim akaingilia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa shahidi wa lile agano lao, akasema hukumu bila kumsikiliza mtuhumiwa si hukumu. Baba mtu apimwe. Gari la binti lenyewe lilikuwa na ugonjwa. Alikuwa ameshalalamika kwa kila mtu kwamba linatetemeka akipanda mlima. Basi Fundi apande nalo, bila mashahidi, aseme linaumwa nini. Akisema sawasawa, abaki. Akikosea, funguo.

Binti alifikiri, akakubali. Sharti lake lilikuwa kwamba Mama na Maalim wabaki gerejini, na awepo mtu mmoja wa katikati wa kuona haki inatendeka. Walitazamana.

"Lisansie aende," akasema Mama wa mikate. "Ule hata akisema, ni kama hajasema."

Ndivyo nilivyoteuliwa. Niliketi mbele, binti akaendesha, Fundi akawa nyuma katikati, mguu wenye bandeji ukiwa juu ya gazeti. Nilipewa kazi moja tu, kunyamaza, nami sijawahi kuwa na maneno mengi mdomoni kama siku hiyo. Tulipoanza kupanda, binti alikanyaga mafuta, na gari likatikisika kweli, mtikisiko wa kushtua, kuanzia chini. Nilijua uko wapi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa na hakika na jambo, na nilikuwa nimekatazwa kulisema. Nikafikiria kukohoa. Lakini kikohozi kimoja kingemaanisha kulia au kushoto? Tulikuwa hatujawahi kupanga vikohozi. Nikafikiria kujipapasa goti kana kwamba linawasha. Nikaona binti ananitazama kwa pembe ya jicho, nikaukalia mkono wangu.

Nilipogeuza kioo kidogo nilimwona Fundi ameegemeza kidevu juu ya mgongo wa kiti changu, macho yamefumbwa, mdomo wazi kidogo, kama mbuzi anayechungulia ukuta. Alikuwa akitafuta mtikisiko kwa taya. Meno aliyobakiwa nayo yalikuwa yakigongana kila gari lilipotetemeka, na uso wake ulisema kwamba anayasikia, na kwamba hayamwambii kitu cha kutosha. Jasho lilikuwa likimtoka chini ya kofia. Hapo niliona kwamba anaogopa, na nikaacha kufikiria juu yangu.

Tulikuwa tumekaribia juu. Binti akakanyaga tena. Na Fundi, macho bado yamefumbwa, kwa ile sauti yake ya kila siku ya milimani, ya upole na ya haraka, akamuuliza binti yake:

"Mama, we unasikia wapi?"

"Kwenye usukani kidogo sana," binti akajibu. "Kiti kiko sawa. Ni chini, kwenye miguu, hapa kulia. Nikikanyaga tu. Nikiachilia inanyamaza."

Alikuwa mtoto wa gereji. Nadhani alikuwa ameulizwa swali hilo tangu hajajua kusoma, na mwili wake ulijibu kabla yeye hajafika. Tuliendelea mbele kidogo, kisha nikaona masikio yake yakibadilika rangi, akapunguza mwendo, akasimamisha gari pembeni.

"Kardani ya kulia," akasema Fundi. "Kichwa yake ya ndani, ile inaingia kwa jerboksi. Imekauka grisi. Turudi."

"Baba. Tumesema hakuna mashahidi."

"Shahidi ni mutu wa inje. We ni mwenye gari."

"Umeniuliza mimi kwa sababu wewe husikii."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa mbele yake. Nilitazama nje ya dirisha kwa bidii zote. Fundi alitoa kidevu chake juu ya kiti changu, akakaa sawa.

"Mutu akikuja kwako pale zahanati na tumbo inamuuma," akasema, "we tumbo yako inauma?"

"Apana."

"Unajua namna gani?"

Binti alizima injini.

"Unamuuliza. Unamuuliza inauma wapi, inauma saa ngapi, akikula ama akilala. Kisha unasema ugonjwa. Na hakuna mutu anakuja kukufungia zahanati kwa sababu tumbo yako iko muzima."

Binti aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Mabega yake yalitikisika, na nilishindwa kujua kama analia au anacheka, na hata sasa, nikiulizwa kama shahidi, ningesema vyote viwili. Alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Sawa, Baba. Ila mgonjwa wangu nikimuuliza, ananijibu kweli. Wewe nikikuuliza, unaniambia hadithi. Ukitaka kubaki na gereji, kila Alhamisi nitakuja, nitakuuliza, na utanijibu kama mimi nilivyokujibu sasa hivi. Na utavaa viatu."

"Viatu vya namna gani?"

"Vya kufungwa."

Alifikiri juu ya viatu muda mrefu kuliko alivyofikiri juu ya kardani. Kisha akasema turudi tukipitia sokoni, Mama anangoja unga.

Walipofungua, mpira wa kardani ya kulia ulikuwa umechanika upande wa ndani, grisi imerushwa kote, na vyuma vilivyomo vimelika. Fundi alilitangaza hilo mtaani kwa sauti ya mtu aliyegundua kisiwa, na hakumtaja aliyemjibu.

Siku hizi nafundisha shule moja huko Ruziba, na gari la mjomba ni zima, jambo linalonitia wasiwasi wa namna yake. Mwezi uliopita nilipita Buyenzi bila shida yoyote, kusalimia tu. Ilikuwa Alhamisi. Fundi alikuwa kwenye benchi mbele ya gereji, amevaa kiatu kimoja, mguu mwingine uko juu ya paja la binti yake. Mama wa mikate alikuwa amesimama na birika, Maalim ameketi kando na tasbihi, mwenye gari fulani anangoja zamu yake. Mama alininong'oneza kwamba majuma ya kwanza yalikuwa vita. Mzee alisema nasikia, nasikia sana, hata kabla binti hajamgusa. Basi binti akaanza kuuliza bila kumgusa kabisa, naye akaendelea kusikia sana.

Safari hii alikuwa amefumba macho. Binti alikuwa na kipande cha uzi mgumu kama wa kuvulia samaki. Alikigusisha kwenye kidole gumba.

"Hapa?"

Mwenye gari aliacha kuchezea simu.

"Apana," akasema Fundi.

Akagusa unyayo. Apana. Akagusa kisigino, akaeleza kwamba amegusa kisigino, na Fundi akatikisa kichwa. Akagusa kifundo. Maalim alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. Mimi nilikuwa nimejishika mguu wangu mwenyewe bila kujua. Uzi ukapanda polepole kwenye muundi, nusu ya kidole, nusu nyingine.

"Hapo," akasema.

Binti aliweka kidole chake mahali hapo, akakiacha. Fundi alifumbua macho, akainama kupaangalia kwa makini, kama anavyoangalia sehemu iliyopasuka.

"Kumbe inaanzia hapo," akasema. "Inatengenezwa?"

"Kutengenezwa, apana, Baba. Tunaweza kuizuia hiyo ganzi isipande."

Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, fundi mmoja akimkubalia mwingine. Kisha akaomba apewe kile kiatu chake cha pili.